USUBI: TULINDE MACHO KABLA HAYAJAUMA



Wako wenzetu wa Palma na Mocímboa da Praia wanaovuka Mto Ruvuma kwenda kutafuta kazi Tanzania. Mmoja wao alirudi kutoka upande wa Mahenge akijikuna usiku na mchana. Watu wakasema amerogwa. Hakurogwa. Alikuwa na minyoo ya usubi.

Usubi ni nzi mdogo mweusi. Huzaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, si baharini wala madimbwini. Ndiyo sababu wengi wetu wa pwani hatumjui. Huuma mchana, saa zile zile za kazi. Akimwuma mgonjwa, hunyonya vijidudu vya minyoo. Siku kadhaa baadaye humwambukiza mwingine.

Mnyoo mkubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15, akizaa maelfu kwa maelfu. Watoto wake hutembea ndani ya ngozi, ndipo mwasho unapoanza. Wengine huingia jichoni. Wakifia humo, jicho huwa jekundu. Miaka ikipita, kioo cha jicho hupata makovu. Nuru iliyopotea hivyo hairudi.

Dawa yake ni ivermektini. Tangu 1987 kampuni iliyoitengeneza huitoa bure kwa ugonjwa huu. Huua watoto wa mnyoo, lakini mnyoo mkubwa hubaki hai. Kwa hiyo humezwa kila mwaka, kwa miaka mingi, hata kama mtu hajisikii mgonjwa. Kipimo hufuata urefu wa mtu. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hawapewi.

Tusichanganye usubi na vikope, yaani trakoma. Vikope huletwa na bakteria, na kunawa uso husaidia kuvizuia. Usubi haukingwi kwa kunawa.

Ugonjwa huu hushindwa. Huko Nyanza, Kenya, katika miaka ya 1940 na 1950, mito ilitiwa dawa ya DDT hata nzi huyo akatoweka.

Basi, ndugu, ukifanya kazi bondeni, vaa mikono mirefu na suruali ndefu. Ukirudi na mwasho usioisha, nenda kituo cha afya, useme ulikofanya kazi. Na sisi viongozi tudai kwamba siku ya kugawa dawa mfanyakazi aruhusiwe kwenda bila kukatwa mshahara. Ujira wa siku moja usituuzie macho ya maisha.