Basi, Kundi au Mkondo? Istilahi za Kukusanya Sauti za Waimbaji katika Programu za Kurekodia Nyumbani

1. Utangulizi

Katika mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Hata hivyo, kijana wa mtaa huo anayerekodi waimbaji chumbani kwake kwa kompyuta hukutana na programu inayosema naye kwa Kiingereza au Kifaransa. Makala haya yanafafanua dhana moja ya kazi hiyo, yaani kukusanya sauti kadhaa katika njia moja ya pamoja kabla hazijafika kwenye tokeo la mwisho. Tunashikilia kwamba dhana yenyewe ni nyepesi. Uzito wake unatokana na istilahi zilizokopwa bila kupimwa.

2. Dhana na utendaji wake

Tuchukue mfano wa kwaya yenye waimbaji 12: watatu wa soprano, watatu wa alto, watatu wa teno na watatu wa besi. Kila mwimbaji amerekodiwa katika mkondo wake. Kwa kawaida programu hupeleka kila mkondo moja kwa moja kwenye mkondo mkuu. Fundi akitaka kuishusha kwaya ili gitaa lisikike, hana budi kugusa vidhibiti 12, na ni rahisi kuvuruga uwiano alioutafuta kwa saa nzima. Akielekeza mikondo yote 12 kwenye mkondo mmoja wa pamoja, na huo ndio uende kwenye mkondo mkuu, kidhibiti kimoja kinatosha na uwiano wa waimbaji unabaki ulivyokuwa.

Faida ya pili ni ya usindikaji. Kompresa iliyowekwa kwenye mkondo wa mwimbaji humsikia mwimbaji huyo peke yake. Ikiwekwa kwenye mkondo wa pamoja husikia jumla ya sauti zote, hivyo mmoja akipaza sauti kupita kiasi, kwaya nzima hushushwa pamoja naye. Kwa hiyo sauti inayoruka ovyo hutulizwa kwanza katika mkondo wake. Aidha, kujumlisha huongeza kiwango: mawimbi mawili yanayofanana kabisa yakijumlishwa, kiwango hupanda kwa desibeli 6 hivi. Fundi asiyekagua jumla hiyo anaweza kuharibu sauti ambazo kila moja, ikisikilizwa peke yake, ilikuwa salama.

Ipo pia njia nyingine, ambayo mara nyingi huchanganywa na hiyo ya kwanza. Fundi akitaka kuongeza mwangwi, hahitaji kuweka kifaa cha mwangwi katika kila mkondo. Hutoa nakala ya kila sauti na kuipeleka kwenye mkondo mmoja wenye mwangwi, huku sauti asilia ikiendelea na safari yake bila kupungua. Kompyuta hupunguziwa mzigo, na msikilizaji huisikia kwaya kana kwamba imesimama katika ukumbi mmoja. Nakala ikichukuliwa baada ya kidhibiti cha kiwango, mwangwi hushuka pamoja na sauti. Ikichukuliwa kabla yake, mwangwi hubaki hata sauti inapozimwa kwa kidhibiti hicho.

3. Tatizo la istilahi

Programu zenyewe hazitumii jina moja. Katika Pro Tools, “basi” ni njia ya ndani inayobeba sauti hadi kwenye mkondo saidizi. Cubase huuita mkondo wa pamoja “kundi”. Reaper haina aina maalumu ya mkondo kwa kazi hiyo: mkondo wowote unaweza kupokea mingine au kuibeba kama folda. Mfasiri anayefuata menyu neno kwa neno atazalisha istilahi tatu kwa kazi moja.

Neno “basi” lina kikwazo cha ziada. Asili yake ni neno la Kilatini *omnibus*, “kwa wote”, lililopewa gari la abiria nchini Ufaransa katika miaka ya 1820 na baadaye likahamia kwenye umeme. Maana hiyo ya “kwa wote” ndiyo inayofaa hapa, lakini Kiswahili kilipokea gari tu. Mswahili akisikia “basi” hufikiri gari, au ukomo wa jambo. Zaidi ya hayo, katika ufundishaji wa mdomo, agizo la “kupeleka besi kwenye basi” humchanganya mwanafunzi kabla hajagusa kompyuta.

Sitiari ya maji iko karibu zaidi. Bujumbura inapitiwa na mto Ntahangwa unaoishia katika Ziwa Tanganyika, na kila mkazi anaelewa kwamba vijito hukutana kabla ya kufika ziwani. Kwa hiyo tunapendekeza “mkondo wa mkusanyo”. Lakini sitiari hiyo ina mpaka. Maji yakichepushwa, mto hupungua. Sauti ikipelekwa kwenye mwangwi, ya asili haipungui. Kwa sababu hiyo tunakataa “mchepuo” na “mgawo” kwa njia ya pili, na tunapendekeza “mkondo wa nakala”. Istilahi hizi mbili zinamwonyesha mwanafunzi tofauti ya msingi: katika mkusanyo sauti yenyewe inahama, katika nakala inabaki na kuwa na pacha.

4. Hitimisho

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Vyombo vya kusanifisha istilahi, basi, vipo. Kinachohitajika ni utaratibu: istilahi za ufundi zipimwe kwa utendaji wa kitu kabla ya kupimwa kwa menyu ya programu, na zijaribiwe kwa masikio ya wanaozitumia. Mitaala ya ufundi wa sauti ikiandikwa bila hatua hiyo, kijana wa Buyenzi atakariri vitufe vya programu moja na kupotea siku atakapofungua nyingine. Akipewa dhana kwa lugha yake, ataitambua popote atakapoikuta, kwa jina lolote.