Mzinga wa Saa Saba

Mgeni atokaye Afrika ya Mashariki kwenda Ulaya huonywa sana habari ya baridi. Mimi pia nilionywa, nikachukua nguo nzito. Lakini nilipofika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ambako Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu tangu mwaka 1949 mpaka 1952, kilichonishinda si baridi, bali ni saa.

Ilikuwa mwezi wa Desemba. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikatazama dirishani, nikaona giza tupu. Nikajifunika tena blanketi, nikangoja kupambazuke. Jua lilipochomoza saa ya ukutani ilikuwa yakaribia tatu, na wenzangu walikwisha kwenda darasani zamani. Alasiri nikatoka kununua mkate. Hata saa kumi haijapiga, jua limekwisha kutua na taa za njiani zawaka.

Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka jua hali imeinama upande. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatulioni sana jambo hilo, maana mchana na usiku wetu hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Lakini Edinburgh ni karibu digrii 56 kaskazini ya Ikweta. Mchana wake mfupi kabisa, mwezi wa Desemba, ni wa saa saba tu. Mwezi wa Juni hupata saa kumi na saba na nusu. Nasi Waswahili tumeijenga saa yetu juu ya jua: saa moja ni saa ya kwanza tangu kucha. Hesabu hiyo, iliyo njema sana kwetu, kule haina mguu wa kusimamia. Mwislamu aswaliye Magharibi kabla ya saa kumi alasiri katika Desemba, mwezi wa Juni huingoja mpaka saa nne ya usiku.

Basi wenyeji hutegemea nini? Katikati ya mji pana jabali kubwa, mabaki ya volkano iliyozimika zamani sana, na juu yake pana ngome. Chini yake zimesimama nyumba za mawe, ndefu sana kwenda juu, nyingi zingali nyeusi kwa masizi ya makaa ya karne zilizopita. Nilidhani mji uliungua moto. Ngomeni hupigwa mzinga mmoja saa saba mchana kila siku, isipokuwa Jumapili, Krismasi na Ijumaa Kuu.

Hapo kwanza, tangu mwaka 1852, tufe kubwa liliangushwa saa saba kamili juu ya mnara wa Nelson, ili manahodha wa bandari ya Leith wasahihishe saa zao. Maana nahodha mwenye saa ya uongo hajui chombo chake ki wapi baharini. Lakini ukungu wa pwani ile ni mzito, ukilificha tufe. Ndipo mwaka 1861 mzinga ukaongezwa. Nao una ila yake: sauti haina mbio za nuru, na aliye mbali maili mbili huusikia kama sekunde kumi baada ya kupigwa. Ikachapwa ramani ya kuwaonyesha watu sekunde za kupunguza.

Nilipousikia mara ya kwanza nilishtuka, nikainama kama mtu aliyetupiwa jiwe. Bibi kizee mmoja kando yangu aliinua mkono, akatazama saa yake, akaisogeza kidogo, akashika njia ya sokoni. Ulipofika Februari nami nilikuwa nikifanya vivyo hivyo.