Chanjo Iwatangulie Mbuzi Mnadani

Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kuwa sotoka ya ng'ombe imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili wa virusi kufutwa na binadamu baada ya ndui. Afrika Mashariki ilikuwa na mchango mkubwa katika ushindi huo, kwa kuwa chanjo iliyouwezesha ilitengenezwa Muguga, Kenya, na kundi la watafiti lililoongozwa na Walter Plowright. Lakini nduguye sotoka bado yupo. Virusi vya sotoka ya mbuzi na kondoo viliripotiwa Kenya mwaka 2006, Uganda mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo vimeendelea kufyeka mazizi. Hoja ya makala hii ni kwamba elimu ya kuvimaliza virusi hivi tunayo. Kinachotukwamisha ni desturi ya kupeleka chanjo mahali ambapo mbuzi wameshakufa, badala ya kuitanguliza kwenye njia wanazopita kwenda kuuzwa.

Virusi hivi ni vya ukoo mmoja na vile vya surua ya watoto. Siku chache baada ya kuambukizwa, mbuzi hupata homa kali, hutoka makamasi na tongotongo, mdomo hujaa vidonda, kisha huhara na kushindwa kupumua, na mwenye mimba huweza kuitupa. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na ugonjwa, vifo vinaweza kufika tisa katika kila kumi. Hata hivyo adui huyu ana udhaifu. Nje ya mwili wa mnyama, hasa penye joto na jua, hadumu, ndiyo maana huhitaji mbuzi wakaribiane ili aruke kutoka pua moja hadi nyingine. Mnyama aliyepona habaki akivisambaza virusi maisha yake yote. Zaidi ya hayo, ingawa virusi hivi vina koo nne, chanjo moja huzizuia zote. Chanjo inayotumika sana, iliyotokana na virusi vilivyopatikana Nigeria mwaka 1975, humpa mnyama kinga ya angalau miaka mitatu kwa sindano moja. Ni magonjwa machache ya mifugo yanayotupa nafasi nzuri namna hii.

Kwa kuwa virusi havisafiri mbali peke yao, safari yao ndefu hufanywa na mbuzi walio hai, na mbuzi husafirishwa na biashara. Ugonjwa uliogunduliwa kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro, mwaka 2008, ulionekana Newala, karibu na mpaka wa Msumbiji, mwaka uliofuata. Wachunguzi waliufuatilia hadi kwa mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka huko. Mbuzi aliyeambukizwa huanza kutoa virusi kabla dalili hazijawa wazi, hivyo mnunuzi makini kabisa anaweza kupakia ugonjwa kwenye lori bila kujua. Na kwa kuwa kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, kumchanja mbuzi akiwa tayari mnadani ni kuchelewa. Achanjwe kijijini, kwenye josho au kisimani, kabla msimu wa mauzo haujafika.

Wapo wanaosema juhudi hizo ni bure maadamu wanyamapori wanabaki na virusi. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana huko Mongolia, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016, ugonjwa ulitoka kwa mifugo ukaua maelfu ya swala aina ya saiga, na katika eneo la Serengeti nyati na nyumbu wamekutwa na dalili za damu kuwa waliwahi kuambukizwa. Lakini historia ya Serengeti yenyewe inatufundisha kuhusu nani huambukiza nani. Zamani sotoka ya ng'ombe iliua ndama wengi wa nyumbu, na ilidhaniwa kuwa porini ndiko kwenye chimbuko lake. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, katika miaka ya 1960 ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia, ingawa hao hawakuchanjwa, na idadi yao ikapanda kutoka laki chache hadi kupita milioni moja. Ng'ombe nao huambukizwa virusi vya mbuzi, lakini kwa kawaida hawaugui wala hawavisambazi. Ushahidi huu unaelekeza sindano kwa mbuzi na kondoo.

Pingamizi zito zaidi ni la uzazi na gharama. Mbuzi huzaa upesi na kuuzwa upesi, kwa hiyo kundi lililochanjwa mwaka huu litajaa wanyama wasio na kinga baada ya muda mfupi, tofauti na ng'ombe wanaokaa miaka mingi. Ni kweli, na jibu lake ni kubadili ratiba: baada ya kuchanja kundi zima, kila msimu wafuatwe wale waliozaliwa karibuni, kuanzia umri wa miezi minne hivi, kinga ya maziwa ya mama inapopungua. Kuhusu fedha, mashirika ya kimataifa ya chakula na afya ya wanyama yamekadiria kuwa ugonjwa huu huitia dunia hasara ya kati ya dola bilioni 1.45 na 2.1 kila mwaka. Sehemu kubwa ya hasara hiyo humwangukia mwenye mbuzi watano au kumi, ambao ndio ada ya mtoto na nauli ya hospitali. Tukimdai cheti cha chanjo mnadani huku chanjo yenyewe ikiwa ghali au haipatikani, atauza njiani gizani, na virusi vitasafiri vilevile. Chanjo imfikie bure au kwa bei ndogo kwanza, cheti kifuate. Mwaka 2015, mjini Abidjan, mataifa yalikubaliana kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030. Kwa ng'ombe tulithibitisha kwamba inawezekana, na mfugaji wa mbuzi anastahili kuhudumiwa kwa bidii ileile.