Dozi ya tatu isiwaponyoke wanafunzi wa uuguzi

WANAFUNZI wa uuguzi katika vyuo vya miji inayozunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri hadi Chuka, hushauriwa kuchanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuhudumu wodini.

Virusi vya ugonjwa huo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na mchomo mmoja wa sindano iliyotumika waweza kumwambukiza asiye na kinga.

Kikwazo kimoja ni kalenda. Chanjo hii kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu katika mwezi wa sita. Muhula wa chuo huchukua takriban miezi minne. Hivyo dozi ya mwisho huweza kumkuta mwanafunzi likizoni, mbali na zahanati ya chuo.

Kingine ni kumbukumbu. Kenya iliijumuisha chanjo hii katika ratiba ya watoto wachanga mwaka wa 2001, hivyo huenda wanafunzi wengi wa sasa walichanjwa utotoni. Lakini kadi ya kliniki ikipotea, ushahidi hutoweka.

Aliyekatiza dozi halazimiki kuanza upya, huendelea alipoachia. Aliyepoteza kadi amwone daktari, ambaye ataamua iwapo atapimwa damu au atachanjwa tena. Na siku ya dozi ya kwanza, mwanafunzi aandike tarehe ya ile ya tatu, pamoja na kituo cha afya kilicho karibu na kwao.