AC ya gari haipozi? Usikimbilie kujaza gesi

Kiangazi Rwamgasa, mkoani Geita, dereva anafunga vioo atake asitake. Vumbi la barabarani na la makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu halina mchezo.

AC ikianza kutoa hewa ya vuguvugu, wengi hukimbilia kujaza gesi. Kumbe gesi hiyo haiishi kama petroli, inazunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua sana, ujue kuna mahali inavuja. Ukijaza bila kuziba, utarudi kwa fundi na hela nyingine. Mbaya zaidi, oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa kidogo, kompresa inasagika, na bei ya kompresa si ya kitoto.

Kwa hiyo anza na filta ya AC. Magari mengi huiweka nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, na unaitoa kwa mkono. Ikijaa vumbi, upepo unatoka kidogo hata kama gesi ipo. Tena vumbi la mawe hubeba silika, ambayo huharibu mapafu, kwa hiyo filta hiyo si ya ubaridi tu.

Ukiwa nyuma ya lori, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.