Soriasisi Haimalizwi na Kopo Moja la Dawa

Yako maradhi ya ngozi ambayo humtia mtu haya kuliko yanavyomtia maumivu. Huanza kwa baka dogo kwenye kiwiko au goti, au kwa kile kinachodhaniwa kuwa mba kichwani. Kisha baka hupanuka, huwa nene, na kufunikwa na magamba meupe yanayong'aa kama fedha, ambayo yakikwanguliwa huacha vidoa vya damu. Juu ya ngozi nyeusi kama zetu baka hilo halionekani jekundu kama linavyoonyeshwa katika vitabu vya Ulaya, bali huwa la zambarau au la kijivu kilichokoza. Ndiyo maana mara nyingi hudhaniwa kuwa ni choa, na mgonjwa akapewa dawa za choa miezi na miezi bila ya kuona nafuu. Maradhi haya madaktari huyaita soriasisi. Ripoti ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa wanaougua duniani hawapungui milioni 100.

Jambo ambalo kila akaaye kambini hana budi kulifahamu kwanza ni kwamba soriasisi haiambukizi hata kidogo. Haipiti kwa beseni wala kwa taulo, kwa kitanda wala kwa kupeana mkono, na haipiti katika unyumba. Zamani huko Ulaya wagonjwa wake walichanganywa na wenye ukoma, hadi katika karne ya 19 ambapo madaktari, miongoni mwao Ferdinand von Hebra wa mji wa Vienna, waliyatenga maradhi hayo mawili. Yasikitisha kwamba hata leo wapo wazazi wanaowakataza watoto wao kucheza na mtoto wa jirani kwa sababu ya magamba ya viwiko vyake.

Chanzo chake kimo ndani ya mwili. Mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia ngozi yenyewe, kama mlinzi wa lindoni anayemfyatulia risasi mwenye nyumba. Ngozi ya kawaida huchukua muda wa mwezi mmoja hivi kuzaliwa chini, kupanda juu na kupukutika. Mahali penye soriasisi safari hiyo hukamilika kwa siku tatu hadi tano tu, na ngozi changa hurundikana zikawa magamba. Maradhi hurithiwa katika jamaa, ingawa si kila mtoto wa mgonjwa huyapata. Yaliyolala huamshwa na mambo mengi: maumivu ya koo yaletwayo na bakteria, hasa kwa watoto na vijana, pombe, sigara, mashaka ya moyo, na hata mkwaruzo mdogo wa ngozi. Askari ajue kwamba mahali panaposuguliwa na buti, mkanda au kamba ya mkoba ndipo baka jipya linapopenda kuchipuka. Ziko pia dawa za maradhi mengine zinazoweza kuyachochea, kama klorokwini, lithiamu, na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu mfano wa propranololi. Mwenye kutumia dawa hizo asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze daktari.

Kwa kuwa mzizi umo ndani, hakuna dawa hadi leo inayoung'oa. Anayekuuzia chupa sokoni na kukuapia kwamba soriasisi haitarudi tena, huyo anakudanganya, awe amevaa koti jeupe au kanzu. Swali la haki kumwuliza mganga ni hili: nitumie nini, kwa kipimo gani, na kwa muda gani, ili ngozi itulie miaka kumi ijayo bila ya kuniharibia ini, mifupa na mfuko?

Kwa wagonjwa wengi, ambao mabaka yao ni machache, jibu limo katika vitu vya bei nafuu. Mafuta mazito kama vaselini, yakipakwa mara tu baada ya kuoga wakati ngozi ingali na unyevu, hulainisha magamba na kupunguza mwasho. Marhamu yenye asidi ya salisiliki huyabandua magamba ili dawa nyingine ipenye. Lami ya makaa ya mawe, ijapokuwa inanuka na kuchafua shuka, ni dawa ya zamani ambayo bado inatumika. Kisha ziko krimu za steroidi, nazo ndizo zinazotuliza upesi, na ndizo zinazoharibu wengi.

Krimu hizo si za nguvu moja. Haidrokotizoni ni hafifu, betamethasoni ina nguvu, na klobetasoli ni kali kabisa. Kwa mtu mzima, ile yenye nguvu kwa kawaida haipakwi mahali pamoja mfululizo kupita majuma manane, na ile kali kabisa haipiti manne, kisha ngozi hupumzishwa. Usoni, kwapani na kinenani haziwekwi ila zile hafifu, na kwa siku chache. Kipimo nacho ni rahisi: dawa inayokaa juu ya ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza yatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ngozi ikiisha kutulia, madaktari wengi humshauri mgonjwa aipake mara mbili tu kwa juma mahali panapozoea kurudiwa, au aigeukie krimu ya kalsipotrioli, inayotokana na vitamini D. Hiyo haina haraka, maana huhitaji majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, lakini hailegezi ngozi.

Hapa pana mtego ambao nimewaona wengi wakinaswa. Magamba yakiisha, mahali pake hubaki alama nyeusi, au pengine nyeupe, na juu ya ngozi yetu alama hiyo hukaa miezi mingi. Mgonjwa hudhani kuwa dawa imeshindwa. Akipitisha mkono akaona ngozi ni laini na haina kinundu, basi maradhi yamekwisha tulia mahali hapo na hapahitaji dawa kali tena, kwa kuwa rangi hurudi yenyewe polepole. Lakini wengi hawana subira. Hukimbilia dukani kununua krimu za kujichubua, na nyingi ya hizo zina klobetasoli ndani yake, hata kama kopo halikuandikwa hivyo. Wiki za kwanza uso hung'aa na mabaka hufifia, na mtu hushangilia. Baada ya miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupasuka mistari, na siku krimu inapokosekana soriasisi hurudi kwa kishindo kuliko awali.

Vidonge vya prednisoloni na sindano za steroidi ni hatari zaidi kwa maradhi haya. Ni kweli hukausha mabaka kwa siku chache, lakini zikisimamishwa ghafla mwili mzima waweza kulipuka kwa vipele vya usaha na homa, na mgonjwa akalazwa akiwa mahututi. Anayechomwa sindano ya ngozi kwenye duka la dawa aulize jina lake kabla ya kukunja mkono wa shati.

Mabaka yakienea mwilini, ngazi ya pili ni mwanga. Mwaka 1925 daktari Goeckerman wa Marekani alieleza namna ya kuchanganya lami na miale ya urujuanimno, na hadi leo mwanga unatumika, ingawa sasa mashine hutoa miale ya kipimo maalumu cha nanomita 311 hivi. Mgonjwa husimama ndani yake kwa muda mfupi, mara mbili au tatu kwa juma, kwa miezi miwili au mitatu, na wengi hupata miezi ya utulivu baadaye. Mashine hizo ni chache na ziko mijini. Jua la asubuhi ni la bure na huwasaidia wengi, mradi mtu aanze kwa dakika chache na asijiunguze.

Ngazi ya tatu ni methotreksati, dawa ya bei nafuu ambayo imewatumikia wagonjwa wa soriasisi kwa miongo mingi, na ambayo huwafaa pia wale ambao maradhi yameingia katika viungo. Dawa hii yataka nidhamu ya kijeshi. Humezwa mara moja kwa juma, na wala si kila siku. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku, kwa sababu karatasi ya dawa haikusomwa vizuri. Kwa hiyo siku iteuliwe, tuseme Jumapili, na iandikwe kwenye kopo lenyewe, na mke au mume naye aijue. Vidonge vya asidi foliki humezwa siku nyingine ili kupunguza madhara. Damu hupimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye, ili kuchunguza ini, figo na chembe za damu. Pombe haipatani nayo, kwani zote mbili huliumiza ini. Mwanamke mwenye mimba, anayenyonyesha au anayetazamia kupata mimba asiitumie kabisa, na mwanamume anayetaka mtoto amwulize daktari kwanza. Kisha iko Septrin, ambayo tumeizoea kuinunua kwa kila kikohozi na kila tumbo: ikikutana na methotreksati huweza kuizuia mifupa isitengeneze damu. Mtu amtajie kila tabibu dawa anayotumia, hata kama amekwenda kutibiwa kidole.

Ngazi ya juu kabisa ni sindano mpya, kama adalimumabu na sekukinumabu, ambazo hufunga njia moja moja za mfumo wa kinga. Matokeo yake ni makubwa, kwani wengi husafika karibu ngozi yote. Hata hivyo nazo haziponyi, maana zikiachwa mabaka hurudi. Kabla ya kuzianza ni lazima kifua kikuu kichunguzwe, kwani kile kilicholala mwilini chaweza kuamka, hasa kwa zile za aina ya adalimumabu. Bei yake kwa sasa haifikiwi na mshahara wa askari wa kawaida.

Viungo visisahauliwe. Baadhi ya wagonjwa huvimba vidole au huamka asubuhi migongo na magoti yakiwa yamekakamaa, na pengine kucha huwa na vishimo vidogo vidogo. Huo si uzee wala baridi ya lindo, na ukicheleweshwa viungo hupinda visirudi. Tena, soriasisi ikimzukia mtu mzima kwa ghafla na kwa ukali mwingi, apime virusi vya UKIMWI, kwa sababu virusi hivyo huikoleza, na dawa za kuvizuia mara nyingi huituliza ngozi pia.

Kliniki za ngozi zipo, kwa mfano Mulago mjini Kampala, na Mbarara. Huko Moshi, Tanzania, kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo huenda tabibu wa ngozi yuko karibu kuliko unavyodhani. Siku ya kwanza mgonjwa aende na makopo yote aliyowahi kupaka, pamoja na yale ya kujichubua anayoyaonea haya, na daftari dogo lenye tarehe, majina ya dawa na yale yaliyotokea. Anayehamishiwa kikosi kingine aondoke na daftari hilo, pamoja na dawa za kumtosha mpaka aipate kliniki ya huko aendako.