Je, Wajua? Hisabati ya Chuo Haitaki Jibu Tu

Je, wajua kuwa kijana wa tahasusi ya PCM au EGM anayetoka Shinyanga au Geita kwenda kusoma hisabati Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tayari anayo silaha yake kuu kwenye daftari la kidato cha tano? Ni mada ya mantiki, ile ya majedwali ya kweli na si kweli, ambayo wengi huipitia chapuchapu kwa kuwa ina maksi za bure. Chuoni kila uthibitisho umesimama juu yake.

Je, wajua kuwa "ukiwa Mwadui, uko mkoa wa Shinyanga" ni kweli, lakini ukiigeuza inakuwa uongo? Muulize mtu wa Kahama, aliye mkoa huohuo lakini si Mwadui. Igeuze huku ukikanusha pande zote mbili, "usipokuwa mkoa wa Shinyanga, hauko Mwadui", na ukweli unarudi.

Je, wajua kuwa mgodi wa Geita hukadiria dhahabu ya ardhini kwa sampuli za miamba, ila kwenye hisabati sampuli hazithibitishi kitu? Chukua n² + n + 41, kanuni ya mwanahisabati Leonhard Euler wa karne ya 18. Weka 0, 1, 2, hadi 39: kila mara inatoka namba tasa. Mara 40 mfululizo! Sasa weka 40. Unapata 1,681, yaani 41 × 41. Kwisha habari.

Je, wajua kuwa herufi moja huweza kuua hoja nzima? Thibitisha kuwa witiri kujumlisha witiri ni shufwa. Ya kwanza iwe 2k + 1, ya pili 2m + 1. Jumla ni 2(k + m + 1), shufwa. Ukiandika k kwa zote mbili, umeongelea namba inayojumlishwa na nafsi yake tu: 7 na 7, kamwe si 7 na 3. Msahihishaji akikukata maksi, ana haki.

Je, wajua kuwa hoja ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwamba namba tasa hazina mwisho ina miaka kama 2,300 na bado inafundishwa?

Je, wajua kuwa baada ya mtihani wa kidato cha sita, hata ukiondoa muda wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hubaki nafasi ya kujinoa? Wengi huitumia kukokotoa integrali ngumu. Heri hoja moja fupi: kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu yenye namba kamili juu na chini. Dhani kinaandikika, a/b iliyorahisishwa hadi mwisho, kisha onyesha kwamba a na b zote zinalazimika kuwa shufwa, jambo lisilowezekana kwa sehemu iliyokwisha kurahisishwa.